Kijiji Kilichonyamaza kwa Ajili ya Moyo wa Zaina

Hapana. Aliyewaambia kwamba mtoto akishapasuliwa moyo anatakiwa akae kama kitu cha kuazima amewadanganya. Kama ni nesi, mleteni hapa Kwamndolwa niongee naye mwenyewe. Kama ni jirani, mwambieni aendelee kukaanga vitumbua vyake.

Najua mtasema bibi huyu ana hasira. Ninazo. Nilizaliwa nazo, nikafanya nazo kazi ya zahanati ujana wangu wote, na zimenisaidia kuliko vyeti, maana vyeti sikuwa navyo. Nyie wazazi vijana mnakuja kwangu jioni, mmekaa kwenye benchi langu, mtoto mmempakata na kumfunika kanga na jua lote hili, mnaniambia, "Shangazi, huyu ameshonwa moyo, hawezi kucheza na wenzake." Mtoto ananiangalia kupitia uwazi wa kanga. Nami namkumbuka Zaina.

Lakini kwanza mjue nani anawaambia. Kazi niliingia na ufagio. Uhuru bado mbichi, mimi nafagia zahanati ya shamba la mkonge nje kidogo ya Korogwe. Siku moja dresa wetu alimfunga bendeji mkata mkonge mmoja, akakaza mpaka vidole vikabadilika rangi. Nikasema, "Huyo, mkono utamwozea." Dresa akageuka. "Wewe wa ufagio, njoo ufunge basi." Nikaweka ufagio chini, nikafunga. Yule baba hajafika hata mlangoni, bendeji imefunguka yote. Akarudi ameishika mkononi kama kitambaa cha jasho, akasema, "Dada, ya kwanza ilibana, ya pili imekimbia." Dresa akacheka mpaka akakaa. Tangu siku hiyo akawa ananiita nikimaliza kufagia, ananionyesha. Kusoma nilijifunza kwenye madarasa ya watu wazima na kwenye maboksi ya dawa. Mpaka leo neno penisilini naliona kama lilivyoandikwa kwenye boksi lake.

Aliyenifanya niwe mtu wa kazi ni Nesi Agnesi. Mshambaa wa Dindira, mfupi, miguu ya kupanda milima, na alikuwa hapendi mtu anayeongea sana. Kwa hiyo mimi na yeye tulianza vibaya. Nilipelekwa kwake hospitalini Korogwe nikajifunze kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa huko Handeni ndani. Kila nikifungua mdomo anasema, "Rehema, mikono." Maana yake fanya, usihubiri.

Jambo moja alilonifundisha lishikeni, halihitaji mashine. Alisema usimuulize mgonjwa kama amechoka. Anayetaka kurudi nyumbani atasema hajachoka, anayekwepa kazi atasema anakufa. Tembea naye kwenye mwinuko, mchokoze aongee. Akiweza kuongea huku anapanda, maneno yanatoka mazima, muache. Akianza kukata neno katikati, simama naye, na usimame wewe kwanza kama vile uliyechoka ni wewe, asione aibu. Mimi hilo la kusimama kwanza lilinipa taabu. Kunyamaza nako ndio kabisa.

Zaina nilimkuta huko Handeni bado mtoto, analelewa na bibi yake mzaa mama. Mama yake alikuwa amefariki. Bibi huyo, Bibi Mwanaisha, alikuwa fundi wa mikeka, anasuka ukili na kuushona, na mikeka yake ilikuwa inatafutwa mpaka Korogwe mjini. Zaina alikuwa na midomo kama ya mtu aliyetoka kula zambarau, na kucha hivyohivyo. Akikimbia kidogo anachuchumaa. Watoto wenzake wanamsubiri wamezoea, wanasema Zaina anataga. Watu wazima walisema ni mvivu. Na mimi nilidhani ni upungufu wa damu, nikampa dawa ya kuongeza damu, akainywa yote bila kulalamika na midomo ikabaki vilevile.

Nesi Agnesi alipokuja na gari la kliniki akamwona anachuchumaa uani. Alimwinua taratibu, akamtazama kucha, akaniambia, "Huyu anakwenda na mimi leo." Daktari wa Korogwe akamsikiliza moyo, akasema una tundu tangu tumboni kwa mama yake, na njia ya damu kwenda mapafuni imebana. Kule kuchuchumaa alikuwa anajitibu mwenyewe bila kujua, mwili unatafuta hewa. Wakampeleka Dar es Salaam, na huko serikali ikampeleka nje.

Alikaa huko muda mrefu. Bibi Mwanaisha alisuka mkeka mmoja kipindi chote kile, akifika mwisho anafumua.

Basi siku anarudi, amepandishwa lori la mizigo kutoka Korogwe, kijiji kizima kimetoka. Akashuka na sweta la sufu kwenye joto la Handeni, mashavu yamejaa, na midomo yake ina rangi ya midomo. Vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wakakata kamba. Nililia, na mimi silii ovyo.

Jioni bibi yake akiwa anashona mkeka akamuuliza, "Wamekufanyaje huko, mwanangu?"

"Wameziba tundu, bibi, wakashona."

"Wakashona kwa nini?"

"Kwa uzi."

Nilikuwepo. Niliona sindano ya Bibi imesimama. Huyo mama alijua mshono kuliko mtu yeyote wilaya ile. Alijua mkeka ukiuburuta unaachia kwenye mshono, ukiukung'uta kwa nguvu unaachia kwenye mshono, ukiuacha juani unaachia palepale. Kwa hiyo kesho yake asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kwamba moyo wa Zaina umeshikiliwa na uzi.

Hapo ndipo kijiji kiliponyamaza. Sitanii. Vinu vilihamishwa kutoka upande ule wote wa nyumba ya Bibi, wanawake wakawa wanatwanga kule karibu na lambo. Kulikuwa na bwana mmoja, Hamza, aliyekuwa anagombana na mkewe kila jioni. Nao wakawa wanatoka kwenda kugombania lamboni, kwa hiyo mwenye kutwanga alipata na mchezo wa kutazama. Mtu akiwa anasimulia msiba, Zaina akaingia, msiba unageuka harusi. Na Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Mhina, alikuwa na kipande cha reli kimening'inizwa pale ofisini, ndicho kilichokuwa kinagongwa alfajiri kuwaita watu shamba la kijiji. Akakataza kisigongwe. Akawa anapita mwenyewe nyumba kwa nyumba anagonga mlango kwa kidole kimoja. "Amkeni jamani, shamba, shamba," kama mtu anayeuza kitu cha wizi.

Watu wakaanza kuchelewa shambani. Bwana shamba wa wilaya akaja na pikipiki, amewaka hasira. "Mwenyekiti, mbona kijiji chako kinaamka kama watalii?"

Mzee Mhina akamvuta pembeni. "Zima pikipiki kwanza, mwanangu. Kuna moyo wa mtu hapa."

Na yule bwana shamba alipoeleweshwa akaisukuma pikipiki yake kwa mikono mpaka nje ya kijiji ndio akaiwasha. Ndio maana nasema, nyie msidhani nawasema hawa watu kwa ubaya. Sijaona kwingine watu wengi hivyo wakimpenda mtoto mmoja ambaye kwa wengi si ndugu yao. Ningemtukana mtu yeyote aliyewacheka.

Tatizo ni kwamba Zaina alikuwa amepona.

Na alikuwa anakua. Wenzake wakahesabiwa kwenye kazi za vijana, yeye akapangiwa kazi nyepesi, kuamia ndege kwenye mtama pamoja na watoto wadogo. Akakalishwa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba. Kazi ya kuamia ndege ni kupiga kelele, sivyo? Yeye akakatazwa kupiga kelele. Akapewa kitambaa cha kupunga. Ndege wa Handeni walimzoea, wakawa wanakula mtama wanamtazama.

Alikuja zahanati akakaa kwenye ngazi. "Da Rehema, niambie ukweli. Nimekufa?"

"Umekufa wapi, na unaniharibia ngazi?"

"Nilipokuwa naumwa nilikuwa nacheza. Nilikuwa nachuchumaa wananisubiri, tunaendelea. Sasa nimepona, hakuna hata mtu wa kunisukuma. Jana nimemtukana Mwanahawa makusudi kabisa, kaniomba radhi."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Wenzangu wanaingizwa ndani. Bibi kasema mimi siingii."

Nyie watoto wa siku hizi niwaeleze. Kwetu kule msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anakuwa mwali, anafundwa na somo wake, halafu anatolewa nje na ngoma na anacheza mbele ya watu wote. Asiyechezwa anabaki mtoto. Kwenye karamu anakaa na watoto, hakuna anayemshirikisha neno la wakubwa, hakuna anayemposa wala kumkatia kipande cha shamba kiwe chake. Bibi Mwanaisha alikuwa amekataa kwa sababu ya ngoma. Kwamba mitetemo ile ikimwingia kifuani mshono utaachia. Kwa hiyo Zaina angebaki juu ya lile dungu mpaka azeeke, akipunga kitambaa.

Nikaenda kwa Bibi, nimeshapanda hasira njiani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Punguza sauti, Rehema, mtoto amelala."

Nikanong'ona. Nimejaribu, nawaambia, haiwezekani kugombana na mtu kwa kunong'ona. Nikasema kwa hewa tupu kwamba anamwonea. Naye akanijibu kwa hewa tupu, huku anashona, "Wewe ulinipa dawa ya damu, ukasema atapona. Nikakuamini. Nimezika mama yake. Huyu sitamzika kwa sababu ya ngoma." Nikatoka, nikaenda kupiga teke ndoo ya zahanati, ikapasuka, ikabidi nieleze kwa Mwenyekiti.

Ndipo Nesi Agnesi alipokuja na gari la kliniki. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akasema, "Rehema, mikono," akavaa viatu vyake vya kupandia. Alimpima Zaina vizuri, akamsikiliza mbele na mgongoni, akamtazama miguu kama inavimba. Akaja kwa Bibi, akapiga goti, akamwamkia, akauliza kwa upole, "Bibi, nani alikataza ngoma? Daktari wa Korogwe?"

"Daktari hakukataza. Daktari hajui mshono. Mimi najua mshono."

Agnesi akatazama ule mguu wa Bibi. Ulikuwa na kovu refu la jembe kwenye muundi. "Hapo ulishonwa?"

"Nilishonwa hospitali, zamani, bado msichana."

"Ule uzi uko wapi?"

Bibi akajipapasa mguu, kama vile hajawahi kuutafuta. "Ulitolewa. Nyama ilishashikana."

"Sasa mkeka, Bibi, hata ukae vipi haujishiki wenyewe. Nyama inajishika. Uzi unaishikilia tu mpaka imalize kazi yake. Moyo wa huyu mtoto ulishamaliza. Twende tutembee wote, ujionee."

Tukapanda kile kilima cha nyuma ya zahanati, sisi wanne. Agnesi akamwambia Zaina, "Tusimulie kitu. Chochote." Jamani, yule msichana alikuwa na maneno ya kipindi chote kile. Alianzia chini na habari ya kitambaa, akaja na ndege, akaja na Hamza na mkewe kwamba anajua wanapogombania na sababu yenyewe anaijua, akamsema Mwenyekiti, akanisema mimi kwamba nimeipiga ndoo teke na ndoo haikunikosea. Tunapanda, maneno yanatoka mazima, hakuna hata moja lililokatika. Karibu na juu Agnesi akasimama, akashika kiuno. "Tupumzike, nimechoka." Nikajua aliyechoka si yeye. Ni Bibi, alikuwa anahema nyuma yetu, amejishikilia kwenye kichaka. Zaina akashuka akamshika mkono. "Bibi, pole. Nikubebe?"

"Nenda huko," Bibi akasema akipata pumzi. "Nenda uingie ndani, mradi unyamaze kidogo."

Sasa msidhani imeishia hapo. Siku ya kumtoa mwali ilipofika, Agnesi naye amekuja kutazama, wapigaji walikuwa wameshazoea kunyamaza. Mpigaji mkubwa, mjomba mmoja mwenye mikono kama makasia, alikuwa anaigusa ngoma kwa ncha za vidole utafikiri ina moto. Zaina katikati, amepakwa mafuta, shanga kiunoni, amesimama hachezi. Akaenda mpaka mbele ya yule mjomba. "Mjomba, kama umesahau nipe nipige mwenyewe."

Mjomba akamtazama Bibi. Kila mtu akamtazama Bibi. Alikuwa kainamisha kichwa, mikono yake ikitafuta sindano ambayo hakuja nayo. Halafu akasema, "Mpigie kama ulivyompigia mama yake."

Ngoma ikapigwa. Kijiji kilikuwa hakijasikia ngoma muda wote ule, mwali mwingine alikuwa anatolewa kijiji cha jirani, ilitushtua sisi wenyewe. Zaina akacheza. Akazunguka mara ya kwanza, ya pili, vumbi linapanda, halafu katikati akashuka. Akachuchumaa.

Ngoma ikakatika. Bibi alitoa sauti ambayo sitaki kuikumbuka. Mimi nilikuwa nimeshakimbia, nimemfikia, nimepiga magoti, nimemshika kifundo cha mkono natafuta mapigo, naita Agnesi. Zaina akanitazama kutoka chini pale, jasho linamtiririka, midomo yake ina rangi yake. Akaniambia akiuma meno, "Da Rehema, niachie. Kila mwali anashuka hapa. Mnaniharibia."

Na kweli kila mwali hushuka pale. Nami nilishachezwa, nilikuwa najua. Woga ulinifuta akili. Nikatoka pale kwa magoti, watu wanacheka na kulia pamoja, ngoma ikarudi, yeye akainuka nayo taratibu, mabega yakitangulia.

Sasa niwape na yaliyofuata, maana kuishi na moyo ulioshonwa si siku ya ngoma peke yake. Hakuwa chuma. Kwenye shamba la kijiji alilima, na akichoka anaweka jembe chini mwenyewe bila kumwomba mtu. Kuna waliomchokoza, "Zaina, moyo umekwenda likizo." Anawajibu, "Pasueni na wenu mpate." Jino lilipomuuma, fundi wa kung'oa meno wa gulioni alikuwa tayari na koleo lake, nikamfukuza na fimbo. Hili lishikeni. Mwenye moyo uliotengenezwa asing'olewe jino kabla hajamwambia daktari, anatakiwa apewe dawa kwanza, maana uchafu wa jino unaweza kuingia kwenye damu ukaenda kukaa moyoni. Apige mswaki kuliko nyie wote. Homa ikikaa kwake msinunue vidonge dukani, mpelekeni. Kliniki yake asikose hata akijiona mzima. Daktari akisema huyu wako asifanye jambo fulani, asilifanye, mioyo haifanani. Alipoolewa na kupata mimba tulimpeleka Korogwe mapema, akalelewa palepale karibu na hospitali miezi ya mwisho, Agnesi akimchungulia. Alijifungua msichana. Nilipofika kumwona mtoto alikuwa anapiga kelele wodi nzima, na Zaina amelala anamsikiliza tu, anatabasamu. Akaniambia, "Muache apige."

Bado tunatembeleana. Siku hizi akipanda kilima anakata maneno, nami nakata, tunasimama wote na hakuna anayejifanya.

Kwa hiyo msiniletee habari za uzi. Kesho nendeni kliniki na huyo mtoto, mkamuulize daktari mbele yake aruhusiwe nini na akatazwe nini, mrudi na jibu. Na wewe mama uliyemfunika kanga, nijibu kabla hujaondoka kwenye benchi langu: kukimbia na wenzake alikatazwa na daktari, au ni wewe?